Jiwe lililochongwa korongoni: je, ni zana ya kale?

Mkulima wa Ifunda:
Ndugu zangu, hamjambo. Mvua za masika zimemomonyoa ukingo wa korongo lililo chini ya shamba letu la mahindi, na hapo limejitokeza jiwe la urefu wa shubiri moja hivi, nene upande mmoja, lenye ncha upande wa pili, na lililobanduliwa vipande katika nyuso zote mbili. Bado sijaling'oa. Nitatambuaje kama lilichongwa na binadamu wa kale au lilipasuliwa na maji tu?

Mwalimu wa Historia, Iringa:
Umefanya vyema sana kuliacha. Mawe yanayogongana mtoni hubanduka ovyo, ilhali fundi wa Zama za Mawe alibandua kwa mpangilio, makovu yakifuatana ukingoni kutoka pande zote mbili hadi makali yakakutana. Ukiona hivyo, yaelekea ni shoka la mkono, yaani zana ya jiwe iliyoshikwa kiganjani bila mpini, kama yale ya Isimila, eneo la zana za kale lililo kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya, ambako mwanaanthropolojia Mmarekani Clark Howell na wenzake walichimba mwaka 1957 na 1958. Zana za pale hukadiriwa kuwa na umri wa miaka 260,000 hivi, na huko nako mmomonyoko ndio uliozifichua.

Msomaji wa Mbeya:
Nakubaliana na Mwalimu, ila umri wa Isimila usihamishiwe Ifunda kwa sababu ya umbo peke yake, kwani mashoka ya namna hiyo yalichongwa kwa zaidi ya miaka milioni moja. Kinachosaidia kujua umri ni tabaka la udongo lililolishika jiwe, na ndiyo maana jiwe lililowekwa kabatini bila maelezo hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa watafiti.

Mkulima wa Ifunda:
Ahsanteni sana. Hofu yangu ni kwamba ukingo wenyewe unaweza kuporomoka wakati wowote.

Mwalimu wa Historia, Iringa:
Basi piga picha leo, ukiweka rula kando ya jiwe, kisha picha nyingine ya mbali inayoonyesha ukingo mzima na matabaka yake, na uhifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu. Toa taarifa mapema kwa afisa utamaduni wa halmashauri au kwa wahifadhi wa Isimila, kwa kuwa vitu hivi vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Usichimbe kutafuta mengine, na akitokea mnunuzi, mkatalie.