Naomba ushauri: viputo vya hewa vinavuruga vipimo vya bomba la mafuta ya ndege

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa mwisho wa uhandisi wa ndege, na mradi wangu umekwama wiki ya tatu sasa.

Nimeunda mtambo mdogo wa majaribio: tangi la Jet A-1, bomba la kufyonza linaloonyesha ndani, elbo (viungo vya kona) mbili na pampu. Tangi nalishusha presha kuiga ndege inapopanda. Usawa wa bahari presha ya hewa ni kama kilopaskali 101. Futi 35,000 inabaki 24 hivi. Mafuta haya hubeba hewa iliyoyeyuka kama asilimia 12 hadi 14 ya ujazo wake, kwa hiyo presha ikishuka lazima hewa itoke.

Na inatoka kweli. Naona kwanza ukungu mweupe nyuma ya elbo ya pili, kisha viputo vinaungana na kukimbia upande wa juu wa bomba, geji inaanza kutetemeka. Hapo presha inayopotea inazidi kabisa hesabu ya Darcy-Weisbach (fomula ya presha inayopotea kwa msuguano bombani), maana humo nimeweka kimiminika kitupu, bila viputo.

Je, nihesabu mchanganyiko kama kitu kimoja, au nitumie njia ya Lockhart-Martinelli, inayohesabu hewa na kimiminika kila kimoja kivyake kwanza? Pia hewa haitoki papo hapo. Inachelewa, halafu tangi likitikisika inafoka. Ucheleweshaji huo mnaupimaje?

Jambo lingine: nikirudia na mafuta yaleyale, viputo vinapungua sana. Mnairudishaje hewa kabla ya jaribio jipya? Aliyewahi kushika kazi hii anielekeze, tafadhali.