Majirani wa Turi: viazi vya Mama Chebet

Mama Chebet: Hamjambo majirani. Viazi vyangu vya pale katikati vimeanza kulala. Jana mchana vililala, jioni vikaamka, nikafikiri ni jua. Leo vimelala tena na majani bado ni ya kijani kabisa. [picha]

Baba Brian: Pole Mama Chebet. Huo ni ukungu. Pulizia dawa kabla mvua haijarudi.

Mzee Karanja: Ukungu huchoma majani kwanza, unaona madoa meusi. Hapa sioni doa. Mama Chebet, hebu piga picha karibu na shina.

Mama Chebet: [picha]

Nyambura: Mimi nashuku mbolea ya msimu huu. Hata huku juu kuna vilivyolala.

Kiprono: Habari za asubuhi wazee wangu. Mama, usipulizie chochote kwanza. Ng'oa shina moja lililolala, ukate kipande cha chini chenye urefu wa kidole. Tia maji safi kwenye glasi, kisha uning'inize hicho kipande ncha yake ya chini iguse maji tu. Usitikise. Angalia kwa dakika tano hivi.

Mama Chebet: Nining'inize na nini?

Kiprono: Kibanio cha nguo kinatosha, kilaze kwenye mdomo wa glasi.

Mama Chebet: Haya, ngoja nitafute.

Mama Chebet: Kiprono. Kuna kitu cheupe kinashuka, kama uzi wa maziwa. [video]

Kiprono: Nimeona. Pole sana Mama. Huo ni mnyauko wa bakteria. Hizo nyuzi ni bakteria wenyewe wanaotoka kwenye mishipa ya shina. Wakijaa humo maji hayapandi, ndiyo sababu mmea unalala ingawa udongo umelowa.

Mzee Karanja: Ukate na kiazi cha hilo shina. Utaona pete ya kahawia ndani, ukiminya inatoa usaha.

Mama Chebet: Ni kweli mzee. Na udongo umeganda kwenye macho ya kiazi, hautoki hata nikisugua.

Baba Brian: Dawa yake inaitwaje nikaulize agroveti?

Kiprono: Haina dawa, Baba Brian. Hakuna ya kupulizia, hakuna ya kumwaga shambani. Tusipoteze pesa.

Nyambura: Na mbolea je?

Kiprono: Mbolea haileti huu ugonjwa. Bakteria huyu anaitwa Ralstonia. Mmarekani Erwin Smith alimweleza mwaka 1896, kwenye nyanya, biringanya na viazi. Nyambura, mashina yako nayo yaangalie kwa glasi leo leo, tafadhali.

Nyambura: Sawa, naenda sasa hivi.

Mama Chebet: Sasa ile mbegu niliyomwahidi Baba Brian? Na gunia la dada yangu kule Kuresoi? Upande wa juu wa shamba langu hakuna shina hata moja lililolala. Viazi vya huko ni vizuri, naweza kuwapa hivyo.

Kiprono: Mama, nakuomba usitoe hata kimoja. Huku kwetu kuna baridi, na kwenye baridi bakteria anaweza kukaa ndani ya kiazi bila kuonyesha dalili yoyote. Unakata kiazi, hakina pete, unakipanda, na msimu ukipata joto mmea unalala. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyotoka shamba moja hadi jingine: kwa mbegu inayoonekana safi, kutoka kwa mtu tunayemwamini. Ukishaingia kwenye udongo wa dada yako utakaa miaka.

Mama Chebet: Ameshalima. Alikuwa anangoja mbegu tu.

Mzee Karanja: Mpigie leo, usimwandikie. Mwambie apande kabichi au mahindi msimu huu. Afadhali akasirike wiki moja kuliko shamba lake liharibike.

Baba Brian: Kwangu usijali Mama Chebet. Ulikuwa unanisaidia. Mbegu nitatafuta kwingine.

Kiprono: Baba Brian, kwingine kusiwe sokoni. Uliza ADC, lile shirika la kilimo la serikali hapa Molo, kama wana mbegu iliyothibitishwa na KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa serikali, tuchange tununue pamoja. Hata gunia moja la kilo 50 mtu aanze nalo kwenye kipande kisichokuwa na ugonjwa, azalishe yake. Viazi vikianza kutoa maua, weka vijiti kwenye mimea yenye afya, uivune peke yake iwe mbegu. Lakini hilo halifai kwenye shamba lenye mnyauko kama la Mama.

Mama Chebet: Na kula je? Chebet amechemsha vya huko jana, watoto wamekula.

Kiprono: Wamekula salama, mama. Bakteria huyu ni wa mimea, hamshiki mtu. Vilivyooza tupa, vizima pika. Ila maganda usiyamwage kwenye rundo la samadi wala usimpe ng'ombe yakiwa mabichi, maana yatarudi shambani na samadi. Yachemshe kwanza.

Mama Chebet: Vilivyolala nivifanyeje?

Kiprono: Ng'oa mmea wote na viazi vyake na udongo wa pale kwenye mizizi, utie ndani ya gunia, usiburute shambani. Chimba shimo refu mbali na mtaro, ufukie. Jembe lioshe udongo utoke wote ndipo ulipake Jik, ile dawa ya klorini ya kufulia. Jik juu ya matope haifanyi kazi.

Mzee Karanja: Na baadaye apande nini?

Kiprono: Mahindi, ngano, vitunguu, karoti, kabichi. Miaka miwili au mitatu bila viazi, bila nyanya, bila pilipili. Na vile viazi vinavyojiotea katikati ya mahindi ving'olewe kila mara, hapo ndipo watu wengi hulegea. Managu pia, mama. Ni ya ukoo mmoja na viazi, inaweza kumhifadhi bakteria na isinyauke.

Mama Chebet: Managu yangu yamejaa pale pembeni. Haya. Nitang'oa.

Baba Brian: Kiprono, mimi niko chini yake. Mvua ikinyesha maji ya shamba lake yanapita kwangu.

Kiprono: Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Mtaro unapaswa kuhamishwa kabla ya mvua ya jioni, maji yaende upande wa barabara.

Nyambura: Yangu nimeyaning'iniza. Maji bado ni safi, hayana uzi. Nimekata shina nimekuta mdudu ndani.

Kiprono: Asante Mungu. Rudia na shina lingine kesho.

Mama Chebet: Nimempigia dada yangu. Alinyamaza, halafu akaniuliza kama kabichi inaweza kupandwa sasa. Nimemwambia mzee amesema ndiyo.

Mzee Karanja: Inaweza. Mimi nina miche kitaluni, atume mtu aichukue.

Baba Brian: Nakuja saa nane na sepetu yangu tuchimbe mtaro. Nitaanzia upande wangu, shambani kwako sitakanyaga.

Mama Chebet: Nami nitachimbia upande wangu na jembe langu. Asanteni sana 🙏🏾