Koleji ndogo ya A-level Uingereza: tuulize nini kabla ya kulipa amana?

MamaZuwena

Habari zenu wanajukwaa. Binti yangu ana miaka 16, anataka kwenda Uingereza kusoma A-level: Kemia, Biolojia na Hesabu. Ndoto yake ni udaktari. Koleji mbili zimempa nafasi. Moja ina wanafunzi kama 300, nyingine hawafiki 80, na wakala anatusukumia hiyo ndogo. Darasani watoto sita, kila mwalimu anamjua mtoto kwa jina, asilimia ya A na A* iko juu. Baba yake keshakubali. Mimi moyo unasita na siwezi hata kueleza kwa nini. Mliosoma au kufundisha huko, nyie mngeangalia nini?

Chaki Nyeupe

Mama Zuwena, salaam. Nimefundisha Hesabu kwenye koleji za aina hiyo hukohuko Uingereza, ndogo na kubwa, kwa hiyo nitakwambia yale ambayo hayamo kwenye vipeperushi.

Kwanza weka kando hizo asilimia. Koleji ya wanafunzi 80 inaweza kuwa na watahiniwa 7 tu wa Kemia kwa mwaka. Wanne wakipata A, wanatangaza asilimia 57. Mwaka unaofuata mmoja akaugua, mwingine akazembea, wakabaki wawili: asilimia 29. Mwalimu yuleyule, maabara ileile. Omba matokeo ya miaka mitatu ya masomo yake matatu, wayaandike kwa idadi ya vichwa. Uliza pia walioanza Kemia Septemba walikuwa wangapi, na wangapi walifika kwenye mtihani wa mwisho. Kuna koleji ambazo mtoto akionekana dhaifu hushauriwa aache somo mapema, na takwimu zinaendelea kung'aa. Wakikwepa swali hilo, umeshajibiwa.

Halafu mwalimu. Mahali padogo hivyo mwalimu wa Kemia mara nyingi ni mmoja. Akiwa hodari, binti yako atafaidi kuliko popote. Akihama katikati ya mwaka, analetwa wa muda, na hakuna mwenzake wa kuziba pengo. Uliza amekaa hapo muda gani. Kisha omba binti azungumze naye kwa video, yeye mwenyewe, si ofisa wa udahili. Aende na swali la Kemia lililomshinda. Dakika kumi zinatosha kujua kama huyo mtu anafundisha au anasoma slaidi.

Jambo la tatu ni maabara, na kwa udaktari hili lina uzito. Kwenye A-level ya Uingereza mwanafunzi hufanya majaribio yasiyopungua 12 kwa kila somo la sayansi, na kufaulu kwake kwa vitendo huandikwa kando, nje ya daraja la mtihani. Vyuo vikuu vingi huitaka alama hiyo. (A-level za kimataifa zina utaratibu wake, kwa hiyo uliza wanatumia ipi.) Nimewahi kuona "maabara" iliyokuwa chumba chenye sinki moja na bango la jedwali la elementi. Waambie wakuonyeshe kwa kamera.

Kijana wa Bweni

Shikamoo mama. Mimi nilisoma kwenye koleji ndogo. Barua yangu ya mapendekezo iliandikwa na mwalimu aliyenijua kweli, na hilo lilinisaidia. Lakini maombi ya udaktari kupitia UCAS (mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vikuu vya Uingereza) hufungwa katikati ya Oktoba, mwaka wa pili ukiwa ndiyo kwanza umeanza, na kabla ya hapo mtu awe amefanya UCAT, mtihani wa kupima uwezo wa wanaoomba udaktari. Kwetu tulikuwa wawili tu tunaoomba udaktari, hakuna aliyetuandaa kwa usaili, tukawa tunahojiana wenyewe jikoni usiku. Uliza nani anashughulikia hilo kwa jina lake.

Na likizo fupi za katikati ya muhula! Bweni letu lilifungwa. Bila mlezi anayeaminika hapo Uingereza mtoto anahangaika.

MamaZuwena

Marahaba mwanangu, asante. Mlezi sikuwa nimemfikiria, nilidhani bweni ni mwaka mzima. Chaki Nyeupe, na upande wa pesa je? Baba yake anasema ndogo ni nafuu.

Chaki Nyeupe

Nafuu kwa bei ipi? Tangu Januari 2025 ada za shule binafsi Uingereza zinatozwa VAT ya asilimia 20, na bweni limo. Muulize wakala kama imeshajumlishwa. Na muulize kamisheni yake anaipata wapi, utaelewa kwa nini anasukuma upande mmoja.

Kikubwa zaidi, hakikisha koleji yenyewe itakuwepo miaka miwili ijayo. Viza ya mtoto hufuata koleji iliyomdhamini. Koleji ikifa au ikinyang'anywa leseni ya kudhamini wanafunzi wa nje, kwa kawaida mwanafunzi hupewa siku 60 atafute mdhamini mwingine au aondoke. Kama ni kampuni, ingia tovuti ya Companies House, yaani msajili wa makampuni wa Uingereza, andika jina lake, usome hesabu zake bure. Mpe mhasibu yeyote unayemwamini azipitie. Ripoti za ukaguzi wa shule nazo ziko wazi mtandaoni. Anzia sehemu ya ustawi wa wanafunzi, ya masomo baadaye.

Angekuwa binti yangu, na ni Kemia na Biolojia, ningechagua ile ya 300, isipokuwa hiyo ndogo inionyeshe maabara na mwalimu aliyekaa. Angetaka Hesabu na Uchumi, ningekwenda kwenye ndogo bila kusita.

MamaZuwena

Nimewaandikia koleji zote mbili maswali yaleyale. Kubwa imetuma idadi kwa kila somo jioni hiyohiyo. Ndogo imetuma kipeperushi kingine, ila mwalimu wa Kemia amekubali kuzungumza na Zuwena Alhamisi. Baba yake anasema tusubiri hiyo Alhamisi, na amana hatujalipa.