Tupeane uzoefu: shule uliyosoma Tanga mjini, ilikuwaje?

Mtoto wa Ngamiani

Ndugu zangu wa Tanga, mlioko nyumbani na mlioko mbali, salaam. Wiki iliyopita tulikuwa tunahamisha vitu vya marehemu mama, nikakuta kashani ripoti zangu zote za sekondari zimekunjwa ndani ya kanga. Mama mwenyewe aliishia darasa la nne. Alipokuwa binti alipita kila asubuhi nje ya geti la shule ya Karimjee, sinia la vitumbua kichwani, na mpaka uzeeni akiiita "shule ya Wahindi". Enzi za Mwingereza kila rangi ilikuwa na shule zake. Ubaguzi ule ukafutwa 1962, na Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule nyingi za binafsi mikononi mwa serikali. Karimjee ndiyo hii tunayoiita Usagara. Mwaka 1986 niliingia kwa geti lile lile, na mama alinisindikiza.

Tusisahau pia kwamba shule ya kwanza ya serikali ya Mjerumani ilianza hapa petu, 1892. Haikuwa ya misheni, kwa sababu wazee wa pwani tayari walikuwa na watoto wao chuoni wakisoma Kurani, wasingewatoa kwa mapadri. Pale walifunzwa makarani na maakida, watawala wadogo wa Mjerumani, waliotumwa bara, na pale pale likachapwa gazeti la Kiongozi, kwa Kiswahili. Nikisikia watu wanajadili Kiswahili kiliingiaje maofisini, huikumbuka shule hiyo kwanza.

Naomba kila mmoja aandike alichokiona mwenyewe. Wazee wetu wanaondoka nazo habari hizi.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, pole kwa msiba wa mama.

Mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977, na walimu hawakuwepo. Basi tukachukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba. Mafunzo miaka mitatu, lakini si ya bweni: unafundisha, halafu na wewe unageuka mwanafunzi, mratibu anakusomesha. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Siku ya kwanza nilikabidhiwa watoto zaidi ya sabini chini ya mwembe, ubao umeegemezwa kwenye shina, chaki moja nimeikata vipande vitatu. Wengine waliokuwa darasa la kwanza walishaanza kuota ndevu.

Watu walitubeza. "Walimu wa UPE" likawa tusi. Niseme wazi, hesabu za darasa la saba zilinishinda mwaka ule, nikawa nazisoma usiku kwa kibatari ili asubuhi nizifundishe. Lakini wale watoto walijua kusoma. Nilihakikisha mmoja mmoja, kwa kidole juu ya herufi. Mpaka leo nikienda sokoni Mgandini hupewa viti na watu wazima ninaowakumbuka wakiwa na kamasi.

Mjukuu wa Manamba

Shikamoo Mwalimu.

Babu yangu alitoka Songea kuja kukata mkonge, akabaki. Mzee wangu naye akaukata. Mimi nikapangiwa Galanos, kidato cha tano. Nilipomwambia mzee jina la shule alinyamaza, akauliza, "Galanos yule yule?" Kwake lile lilikuwa jina la tajiri wa Kigiriki mwenye mashamba ya mkonge, si jina la shule. Kesho yake aliazima baiskeli, tukaenda pamoja, godoro nyuma. Tulipofika akasimama akayatazama majengo, asiseme kitu. Mikono yake ilikuwa imejaa makovu ya miiba.

Watu wengine husema majina ya wenye mashamba yaondolewe. Mimi nasema yaachwe, watoto waelezwe nani alitoa pesa na nani alikata mkonge uliozaa pesa hizo.

Dada wa Makorora

Mimi ni wa shule za kata, kidato cha kwanza 2007. Nyie kaka zangu mlikuta majengo, sisi tulikuta msingi. Wazazi walitoa mchango, Jumamosi tunabeba mawe na maji ya kumwagilia matofali. Shule zetu zikapewa jina la yeboyebo, kama vile viatu vya plastiki. Sitaitaja yangu, ila miaka minne sikumwona mwalimu wa fizikia, na maabara ilikuwa chumba kilichofungwa. Darasa letu wengi walipata sifuri. Iliniuma, kwa sababu hatukuwa wavivu.

Hata hivyo bila shule ile nisingesoma kabisa. Kabla yake waliofaulu walikuwa wengi kuliko nafasi, na mtoto wa kike ndiye aliyekuwa wa kwanza kubaki nyumbani. Mdogo wangu alipata ujauzito akiwa kidato cha pili, akafukuzwa. Novemba 2021 serikali iliporuhusu kina mama hawa warudi, yeye tayari ana watoto watatu. Mkubwa yuko sekondari sasa, bila ada, na mama yake humsahihishia daftari la Kiswahili jioni.

Mtoto wa Ngamiani

Dada, ahsante kwa kulisema hilo. Mwalimu, samahani nikuulize: ule mwembe upo bado?

Mwalimu Mstaafu

Upo, mwanangu. Madarasa yamejengwa kuuzunguka, wao wakaukwepa wasiukate. Nilipita mwezi uliopita, nikakuta watoto wa darasa la pili wamekaa chini yake na mwalimu wao, maana idadi imezidi tena.