Mto Colorado uko bara gani? Mwanangu kapewa kosa na mi naona yuko sahihi

Mama Nasra (Ujiji)

Habarini za jioni wapendwa, naomba msaada wa wenye kujua jiografia maana hapa nyumbani hakukaliki. Binti yangu wa darasa la sita jana karudi na daftari, kuna swali limeuliza Mto Colorado unapatikana bara gani, yeye kajibu Amerika ya Kusini, kapigwa kosa kwa peni nyekundu na pembeni kaandikiwa Amerika ya Kaskazini. Mtoto kalia mpaka kagoma kula. Nikamwambia mwanangu kosa ni kosa, soma upya, akaenda chumbani akaja na ile atlasi aliyoachiwa na kaka yake, jalada lilishachanika zamani, akaifungua akaniwekea kidole. Argentina. Chini kabisa huku, mstari wa bluu unatoka milimani unakwenda baharini, umeandikwa Colorado. Nikavaa miwani nikasoma herufi moja moja, ni Colorado kweli, wala hakuna cha kufananisha.

Mi shule yangu niliishia la saba, nauza dagaa mwalo wa Kibirizi, sina ubavu wa kwenda kubishana na mwalimu. Shule siitaji wala mwalimu simtaji, na sina ugomvi nao. Ninachotaka kujua, je mito miwili ya nchi tofauti inaweza kuwa na jina moja? Na kama inaweza, ilikuwaje, walikosa majina? Mtoto anapenda sana haya mambo ya ramani nisingependa avunjike moyo kwa kitu ambacho pengine kakipatia.

Kijana wa Cheyo (Tabora)

Mama Colorado ni Marekani hiyo, ile inayopita kwenye lile bonde kubwa la Grand Canyon, hata kwenye mitihani huwa inakuja hivo hivo. Mwalimu yuko sahihi. Hiyo atlasi itakuwa imekosea chapa.

Mwl wa Jiografia (Kasulu)

Hapana kijana, atlasi haijakosea, na mtoto hajakosea. Mama Nasra mpe pole binti yako na umwambie mwalimu mwingine wa Kasulu kasema amesoma ramani vizuri.

Colorado ziko tatu zinazojulikana. Wa kwanza ndo huo wa Grand Canyon, unaanzia milima ya Rocky, una urefu wa kama kilomita 2,330, unaelekea Ghuba ya California upande wa Mexico ila siku hizi maji yake yanavutwa sana na mashamba na miji njiani kiasi kwamba mara nyingi haufiki baharini. Wa pili uko Marekani hapo hapo ila jimbo la Texas, unapita mji wa Austin na kuingia Ghuba ya Mexico, hauna undugu wowote na ule wa kwanza. Wa tatu ndo wa binti yako, uko Argentina, unatoka milima ya Andes unamwaga Atlantiki, na watu wa kule wanauhesabu kama mpaka wa kaskazini wa Patagonia, yani lile eneo la kusini la nchi yao. Kwahiyo swali lenyewe ndo lilikuwa na tatizo, limeuliza jina bila kusema upi.

Sasa kwanini. Colorado ni neno la Kihispania, maana yake kitu chenye rangi nyekundu. Wahispania walipofika mahali wakakuta maji yamebeba tope jekundu wakauita hivyo, wakaenda kwingine maelfu ya kilomita wakakuta tope lile lile, wakauita hivyo hivyo. Hakuna aliyekaa kuangalia kama jina limeshatumika. Na huo wa Grand Canyon kipande chake cha juu zamani kilikuwa kinaitwa Grand, yani mkubwa tu, ni mwaka 1921 ndo bunge la Marekani likaamua nacho kiitwe Colorado.

Halafu kuna majina ambayo ni neno "mto" lenyewe. Uingereza kuna Avon kadhaa, mmoja unapita Bristol, mwingine Stratford, mwingine Salisbury, na kwa lugha ya watu wa Wales neno afon ni mto basi. Mgeni anauliza huu unaitwaje, mwenyeji anajibu huu ni mto, mgeni anaandika kwenye ramani Mto Avon, yani Mto Mto! Ukienda Hispania kuna Guadalquivir, hilo ni la Kiarabu, wadi al-kabir, na hiyo kabir watu wa Ujiji nadhani sina haja ya kuwatafsiria. Bonde kubwa, mto mkubwa. Rio Grande ya mpakani mwa Marekani na Mexico nayo ni mto mkubwa kwa Kihispania, na kwa Kireno ni hivyo hivyo, ndo maana kuna Rio Grande Brazil na nyingine Jamaika.

Dereva wa Nyanda (Tabora)

Nakubaliana na mwalimu asilimia mia na wala msiende mbali mpaka Argentina, hapa kwetu tu yapo. Mi naendesha lori, Songwe imenichanganya miaka yangu ya kwanza barabarani. Kuna Songwe unayoivuka ukitoka Mbeya kuelekea Tunduma, halafu kuna Songwe ya Kasumulu pale ukiingia Malawi. Nlikuwa nadhani ni mto mmoja umezunguka mlima. Siku moja nimelala Kasumulu nasubiri karatasi za mzigo nikamuuliza mzee mmoja wa pale huu si ndo ule wa Mbeya, akanichorea chini kwa kijiti, mstari mmoja unapanda kaskazini unaingia Ziwa Rukwa, mwingine unashuka kusini mashariki unaingia Ziwa Nyasa. Maji ya Rukwa yakishafika hayatoki tena, ziwa lile halina mlango. Ya Nyasa yanatoka na mto Shire yanaingia Zambezi mpaka Bahari ya Hindi. Jina moja, jirani kabisa, lakini hayakutani maisha.

Na huo wa mpakani una vituko, ukikaribia ziwani unahamahama, mvua kubwa zikija unaacha njia yake ya zamani unachonga nyingine, sasa fikiria mto ndo mpaka wa nchi, mtu shamba lake linaamkia ng'ambo. Wanahangaika nao serikali zote mbili.

Kijana wa Cheyo (Tabora)

Mama Nasra naomba radhi kwako na kwa mtoto, nimekurupuka. Nimeenda kuangalia ramani kwenye simu nimeikuta Argentina ipo kama alivosema mwalimu.

Ila dereva umenikumbusha kitu. Nikisafiri na treni kwenda Dar huwa tunapita stesheni ya Ruvu, na ule mto Ruvu ndo watu wa Dar wanakunywa maji yake, wazungu wa zamani waliuandika Kingani. Sasa nilipokuwa Moshi nikasikia watu wanasema Ruvu, nikawabishia kweli kweli kwamba Ruvu iko Pwani. Kumbe na wao wanayo, inateremka huko Kilimanjaro inakutana na Kikuletwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, ikitoka hapo inaitwa Pangani. Nilibishana na watu kuhusu mto wa kwao wenyewe.

Katekista (Ipuli, Tabora)

Mwangaluka wote. Mi nachangia mto mmoja tu. Yordani. Tunaoujua wote ni ule wa kwenye Biblia, unatoka Ziwa la Galilaya lenye maji baridi na samaki, unashuka mpaka Bahari ya Chumvi. Lakini Marekani jimbo la Utah nako kuna mto Yordani, na hawakuuita hivo kwa kubahatisha. Wamormoni, watu wa dhehebu moja la huko Marekani, walipofika kule mwaka 1847 walikuta ziwa la maji baridi, kutoka pale unatoka mto wa kama kilomita 80 unaingia ziwa kubwa la chumvi. Watu waliokuwa wamefukuzwa walikotoka, wanatafuta nchi yao ya ahadi, wakaona Mungu kawawekea ramani ile ile chini. Tofauti ni kwamba wa Nchi Takatifu unatiririka kwenda kusini na wa Utah unakwenda kaskazini. Mimi nilipolisoma hilo nilikaa kimya muda mrefu sana. Kuna majina watu wanayabeba moyoni kabla hawajauona mto wenyewe.

Mwl wa Jiografia (Kasulu)

Katekista umenena, hilo la kubeba majina nililisahau na ndo sababu kubwa kuliko zote. Kanada kuna Thames, na inapita mji unaoitwa London! Gavana Simcoe ndo aliuita hivyo mwaka 1793, kabla yake wenyeji walikuwa na jina lao. New Zealand mji wa Christchurch kuna Avon, Wamaori wanauita Ōtākaro. Mara nyingi ukikuta jina limerudiwa nchi ya mbali ujue kuna jina la wenyeji limelala chini yake, na mimi darasani huwa naona tunawanyima watoto tusipowaambia hilo.

Mpakani (Manyovu)

Amahoro wana Kigoma. Mnazungumzia mito miwili jina moja, sisi huku tuna kinyume chake, mto mmoja majina mawili na unasumbua vile vile. Malagarasi wenu ndo Muragarazi wa Warundi. Huwa nafanya biashara na jamaa wa ng'ambo, mwaka fulani akanipigia akasema Muragarazi imejaa mzigo hautoki, mi nikajua ni kamto kao kadogo ka huko ndani nikaendelea kusubiri njia nyingine, kumbe ni huu huu wetu, umeanzia kwao, ukashika mpaka, ukaingia Tanzania. Mahindi yaliniharibikia siku nne. Na Ruvubu yao ndo Ruvuvu yetu, Akagera ya Wanyarwanda ndo Kagera. Matamshi tu.

Kijana wa Cheyo (Tabora)

Mpakani, kumbe Malagarasi inatokea kwenu? Mi nlijua ni ya Uvinza tu kwenye chumvi.

Mpakani (Manyovu)

Inatokea huku juu, inazunguka kama mtu aliyesahau kitu, inakwenda mashariki kusini, inachukua maji ya Moyowosi kwenye yale maeneo oevu, inachukua na Ugalla yenu ya Tabora, halafu ndo inageuka magharibi kupita Uvinza na kuingia Tanganyika karibu na Ilagala. Kilomita 475 hivi. Kwahiyo maji ya mvua ya Tabora mengine yanaingia ziwani kwetu, yanatokea Kalemie kwa mto Lukuga, yanaingia Kongo mpaka Atlantiki. Wakati mvua iliyonyesha huko huko Burundi mlima wa pili inaingia Ruvubu na kwenda Nile.

Mwl wa Jiografia (Kasulu)

Na hapo ndo dawa ya swali la mama. Mto usiutambue kwa jina peke yake, uutambue kwa unakoishia. Colorado inayoingia Atlantiki kutoka Andes, Songwe ya Rukwa, Songwe ya Nyasa, Ruvu ya Nyumba ya Mungu. Majina yanarudiwa lakini mdomo wa mto ni mmoja. Mama Nasra nenda tu kwa mwalimu wake na hiyo atlasi, kwa heshima, wala usiende kwa shari. Mwalimu anayependa somo lake atafurahi.

Mama Nasra (Ujiji)

Wapendwa nimerudi, nisameheni nimechelewa, wiki hii dagaa wametoka wengi nilikuwa mwaloni mpaka usiku. Nilikwenda shule juzi asubuhi na atlasi nimeifunga kwenye kitenge isichanike zaidi. Mwalimu hakukasirika jamani. Kaiangalia, kaigeuza ukurasa wa Amerika ya Kaskazini kaiangalia na hiyo, kisha kamwita Nasra kamwambia lete daftari, kaweka tiki pembeni ya lile kosa na kaandika chini "zipo zaidi ya moja". Nilishukuru mpaka nikashindwa kuongea.

Tangu siku hiyo mtoto hashikiki. Nilimsomea maneno yenu yote, ya wadi al-kabir babu yake alicheka sana. Jana usiku kaniletea karatasi kaandika Rio Negro, mto mweusi, kazipata tatu na kila moja kaandika inakoishia kama mwalimu wa Kasulu alivyosema. Ya Argentina inaingia Atlantiki, ya Uruguay inaingia mto Uruguay, ya Brazil inaingia Amazon pale Manaus, na hapo kaandika kwamba maji meusi na maji ya tope yanakwenda pamoja kilomita kadhaa bila kuchanganyika.

Nikamwambia hayo mbona nayaona kila nikienda kununua mzigo kusini kwa boti. Ukifika usawa wa Malagarasi inapoingilia ziwa, hasa masika, unaona kabisa mstari, huku bluu huku kahawia, boti inapita juu ya mstari na maji ya kahawia yana majani na vijiti vinaelea. Kaniangalia kama nimemficha kitu miaka yote. Jumamosi naondoka naye, nishaongea na mwenye boti.