Amplifaya inajizima nikipandisha sauti. Sabufa mbili za koili mbili, nimekosea wapi?

Mpiga_Besi:
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada kabla sijafanya maamuzi ya hasira.

Nina amplifaya ya chaneli moja kwenye gari. Kitabu chake kinasema wati 300 kwenye omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), wati 500 kwenye omu 2. Sabufa ni mbili za inchi 12, kila moja ina koili mbili za omu 4. Nimefunga mwenyewe wikendi nzima, mgongo bado unauma. Kwa sauti ya chini inapiga safi kabisa. Nikivuka nusu tu, besi ikishuka mara mbili tatu, paap! Kimya, taa nyekundu ya proteksheni hiyo. Nikizima redio na kuiwasha inarudi, kisha mchezo uleule. Amplifaya inachemka huwezi kuiwekea kiganja, na taa za mbele zinafifia kila besi ikipiga.

Rafiki yangu mmoja kasema imekufa, ninunue nyingine. Mwingine kasema niongeze kapasita, kile kifaa cha kutunza umeme wa akiba. Nimsikilize nani?

Kelele_Tamu:
Weka kapasita mkuu. Taa zikififia ujue umeme hautoshi. Yangu ilitulia.

FundiWaya:
Kapasita ataiongeza kwenye tatizo gani, wakati hatujalijua bado? Mpiga_Besi, hizo koili umeziunganishaje? Nataka kujua tu chanya zimeenda wapi.

Mpiga_Besi:
Chanya zote nne pamoja, hasi zote nne pamoja, zikaingia kwenye amplifaya.

FundiWaya:
Basi mgonjwa tumemjua. Koili nne za omu 4 zikikaa sambamba zote, amplifaya inaona omu 1. Yako mwisho wake ni omu 2. Ukinzani ukishuka hivyo mkondo unapanda, ndiyo maana inachemka na taa zinafifia. Haijafa hiyo, inajiokoa. Endelea kuilazimisha ndipo itakufa kweli.

Na kabla hujauliza: kwa sabufa hizo mbili omu 2 hupati, pindua upindavyo. Utapata 1, 4 au 16. Funga 4. Kwa kila sabufa, hasi ya koili ya kwanza iende kwenye chanya ya koili ya pili. Itabaki chanya moja na hasi moja, hapo sabufa hiyo ni omu 8. Sabufa zote mbili zikishakuwa hivyo, unganisha chanya zilizobaki pamoja na hasi zilizobaki pamoja. Mbili za 8 sambamba ni 4.

Chomoa waya kwenye amplifaya, pima kwa multimita kabla ya kuirudishia. Usitegemee 4 kamili, koili ikipimwa hivyo husoma chini kidogo. Ukiona 3 na ushee uko salama.

Kelele_Tamu:
Ila hapo atapoteza wati 200 hivi hivi.

FundiWaya:
Anapoteza wati ambazo hajawahi kuzipata. Sasa hivi anapata kimya.

BintiSoketi:
Mimi niulize upande wa umeme. Ethi umeifunga wapi, na fyuzi kubwa iko wapi?

Mpiga_Besi:
Ethi nimeibana kwenye bolti ya mkanda wa siti ya nyuma. Fyuzi iko karibu na amplifaya, kwenye buti.

BintiSoketi:
Yote mawili yabadilishe leo, hata kabla ya mambo ya omu.

Fyuzi ya kwenye buti inalinda amplifaya, ila ule waya mrefu unaotoka kwenye betri haiulindi. Ukichubuka pale unapopenya kwenye bati la injini, chanya itagusa bodi na hakuna cha kuizuia. Gari linaungua. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka pale, na ukubwa wake uendane na unene wa waya. Kwenye tundu la bati weka mpira.

Bolti ya mkanda iache ifanye kazi yake ya kushika mtu siku ya ajali. Tafuta sehemu nyingine ya bodi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, na waya wa ethi uwe mfupi, unene sawa na ule wa chanya. Kisha muziki ukiwa unapiga, weka multimita kwenye volti za DC, ncha moja hasi ya betri, nyingine kwenye skrubu ya ethi ya amplifaya. Niambie inasoma ngapi.

Mpiga_Besi:
Marejesho. Kabla sijagusa ethi nilipima nikakuta volti 0.6. Nimehamisha, nimekwangua, sasa ni 0.05. Fyuzi nimeisogeza. Na kweli waya ulikuwa umeanza kuchubuka kwenye bati, nimeona shaba kwa macho yangu, nikakaa chini kwanza.

Sabufa nimezifunga upya, multimita inasoma 3.6. Amplifaya haizimi tena. Lakini besi imepotea! Sabufa zinacheza ila kifuani hakuna kitu.

FundiWaya:
Sabufa moja umegeuza chanya na hasi. Moja ikisukuma nyingine inavuta, zinauana. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha kwenye waya za kila sabufa zikiwa zimechomolewa. Chanya kwa chanya koni inatoka nje. Inayoingia ndani ndiyo mkosaji.

Mpiga_Besi:
Ya kulia. Nimegeuza. Jamani! Kioo cha nyuma kinatetemeka. Sasa geini niiweke wapi? Nilikuwa nimeipeleka mwisho.

BintiSoketi:
Geini siyo kitufe cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na redio. Kuipeleka mwisho unakata vichwa vya mawimbi ya sauti, na mawimbi hayo yaliyokatwa ndiyo yanaunguza koili.

Chomoa sabufa. Bass boost sifuri, ekolaiza sifuri. Piga sauti ya majaribio ya Hz 50, redio iwe robo tatu, multimita kwenye volti za AC pale sabufa zinapoingia. Wati 300 mara omu 4 ni 1200, kipeuo chake cha pili ni 34.6, hizo ndizo volti unazotafuta. Anza na geini chini kabisa, panda taratibu, ukifika 34 acha. Chujio la LPF, linalopitisha besi tu, weka Hz 80. Kama boksi lina tundu, washa na chujio la kukata besi za chini sana, liwe chini kidogo ya Hz ambazo boksi limetuniwa.

Mpiga_Besi:
Nimesimama kwenye 33.8. Geini haijafika hata nusu, na inapiga kuliko jana. Kuna mlio mwembamba unaopanda nikikanyaga mafuta, ila ni wa mbali.

FundiWaya:
Waya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, umezipitisha upande mmoja na waya wa betri? Mlio huo huingilia hapo.

Mpiga_Besi:
...Ndiyo. Kesho nang'oa kapeti tena.