Tupeane uzoefu: ninyi mnaojitolea kutunza msitu, kazi huwaje baada ya siku ya kupanda miti?

Jirani wa Karura (mwanzishaji wa mada)

Ndugu wanachama, kila masika yanapoanza tunaonyeshwa picha za watu waliovaa fulana mpya, kila mmoja na mche wake mkononi, kisha habari za miche hiyo hazisikiki tena. Mimi hujitolea katika Msitu wa Karura, hapa Nairobi, na ningependa wenzangu mnaofanya kazi kama hii mtusimulie yale yanayoendelea wageni wakishaondoka, maana huko ndiko msitu unakopona au kufa.

Naanza na kwetu. Karura ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, nayo ina takriban hekta 1,041. Wengi wanaijua kwa sababu ya Profesa Wangari Maathai, ambaye Januari 1999 alishambuliwa pamoja na wenzake walipokwenda kupanda miti ili kupinga ardhi hiyo kugawiwa wajenzi. Simulizi nyingi huishia hapo, kana kwamba msitu ukishanusurika na wanyakuzi hujitunza wenyewe. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ilikuwa imepandwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni, na kila mahali jua lilipopata upenyo wa kufika ardhini, kichaka cha miiba kiitwacho lantana kilijaa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwaruhusu wakazi kuunda vyama vya kijamii vya misitu na kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu (KFS) katika usimamizi, na sisi wa kujitolea tuliingilia mlango huo.

Lantana ndiyo inayokula muda wetu. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, ililetwa kama ua la bustani, na ukiifyeka kwa panga unakuwa umeipogoa tu, kwa sababu kisiki huchipua tena. Kwa hiyo tunafanya kazi wawili wawili: mmoja anainua matawi kwa kijiti chenye panda, mwenzake anaingia chini kwa jembe na kuchimba kuzunguka shina mpaka mzizi ulegee, kisha tunavuta pamoja. Miiba yake midogo hupenya shati, na harufu ya majani hubaki mikononi hata baada ya kunawa. Tunda lake likiiva huwa jeusi na ndege hulipenda, hivyo mbegu hudondoshwa chini ya kila mti wanaotua. Mbegu zilizolala udongoni huota mara tu tunapoondoa kichaka kilichozikinga jua, na ndiyo maana tunarudi mahali pale pale kila msimu wa mvua mpaka miti ya asili ifunge kivuli. Mukinduri na muu hukua haraka kiasi, nao ndio tunaowategemea kuleta kivuli hicho mapema. Ukiniuliza, kundi linalopanda miche mingi bila kupanga nani atapalilia linajisumbua bure.

Mama Kitalu

Asante, ndugu yangu, kwa kuanzisha mada hii. Mimi siendi kwenye lantana kwa sababu ya mgongo; kazi yangu ni kitaluni, na nataka niwaeleze habari ya muhugu, kwa kuwa watu huuliza mbona tunawapa mukinduri kila mara. Muhugu ni mti wa asili wa misitu ya hapa Nairobi, mgumu na wenye harufu nzuri, na wachongaji wa vinyago wameutumia kwa miaka mingi hata ukapungua sana. Miti ya kiume na ya kike ni mbalimbali, kwa hiyo unaweza kukaa chini ya mti mzuri msimu mzima usipate mbegu hata moja. Ukibahatika kupata wa kike, mbegu zake ni ndogo, hupeperushwa na upepo, nyingi ni kapi, na zilizo nzima hazikai muda mrefu kabla ya kupoteza uwezo wa kuota. Tunazipanda zikiwa bado mbichi, kwenye mchanga uliochekechwa, chini ya kivuli, na bado trei nzima huweza kutoa miche ya kuhesabika kwa vidole. Njia nyingine ni kutafuta miche iliyoota yenyewe chini ya mti mama na kuihamishia kwenye mifuko ya kitaluni, kazi inayotaka mkono mwepesi, kwa kuwa mzizi ukikatika basi. Mti wenyewe hukua polepole mno. Nawaambia vijana wanaokuja kutusaidia kwamba muhugu wanaoupanda leo watakaoufaidi ni wajukuu wao, na wengine huchagua kwenda kwenye lantana.

Mzee wa Kirichwa

Sisi tuko Arboretum, bustani ya miti ya hapa Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, wakati reli ilipokuwa ikihitaji kuni za kuendeshea garimoshi. Ni eneo dogo, kama hekta 30, na shida yetu si magugu bali Mto Kirichwa Kubwa. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na maeneo yaliyohifadhiwa, na wageni wengi wanatii, lakini mto haupiti langoni kukaguliwa. Kila mvua kubwa ikinyesha, maji huleta chupa na mifuko kutoka mitaa ya juu, ikanasa kwenye mizizi ya kingo, nasi tunashuka na gambuti na reki kuitoa.

Kijana wa Huruma

Niulize kwa heshima, wakubwa wangu: je, mnapofanya kazi hii bure hamwanyimi riziki vijana wanaoishi kando ya msitu, ambao wangelipwa kung'oa hiyo lantana?

Jirani wa Karura

Swali lako ni la haki, mdogo wangu, na sisi wenyewe tumelijadili zaidi ya mara moja. Kwa Karura, maskauti wanaolinda msitu ni watu wa vijiji jirani, Huruma ikiwemo, nao hulipwa. Wanaojitolea huja siku chache na kufanya kazi ambayo fedha haijapatikana. Hata hivyo nakubaliana nawe kwamba mahali penye fedha ya kupalilia, wa kwanza kuitwa awe kijana wa jirani anayeujua msitu. Mbega walioletwa Karura kutoka Kipipiri, Nyandarua, kwa mfano, mara nyingi ni skauti anayekwambia leo wamelala upande gani, si mimi ninayekuja Jumamosi.

Mgeni Mpya

Nimesoma yote na ningependa kujiunga. Nije lini, na nibebe nini?

Mama Kitalu

Karibu, mwanangu. Usije siku ya sherehe. Njoo wiki moja au mbili baada ya mvua kuanza, wakati udongo umelainika na mizizi inang'oka bila kukatika. Vaa shati la mikono mirefu na viatu vilivyofunika mguu, ubebe glavu za ngozi, kwa kuwa zile za kitambaa miiba inapita, na maji ya kunywa kwenye chupa isiyo ya plastiki ya kutupwa, la sivyo utarudishwa langoni. Majembe tunayo.